Fundi wa Umeme Usiokuwapo

Mtaani kwetu Maskati tulikuwa na fundi wa umeme, na alikuwa na kila kitu isipokuwa umeme. Alikuwa na koleo, alikuwa na bisibisi mbili, alikuwa na kofia aliyoiweka upande kama mtu anayewahi kazini, na alikuwa na maneno. Umeme wenyewe ulikuwa kwa wachache: tajiri mmoja aliyekuwa na mashine yake nyuma ya ghala, majumba mawili matatu ya wakubwa, basi. Sisi wengine tulikuwa na mafuta ya taa. Mji ulikuwa bado unafungwa milango, na ukitembea baada ya kufungwa ilikuwa sharti ushike fanusi mkononi. Usipoishika, unashikwa wewe. Katika mji huo ndimo alimokaa fundi wetu, miaka sita, akingoja.

Alichokingoja hakukificha. Alitaka siku umeme utakapoingia mitaani aajiriwe yeye wa mwanzo, apewe karatasi yenye muhuri, na juu ya karatasi paandikwe fundi. Hakutaka zaidi ya hapo. Mpaka siku hiyo ifike alikuwa akishona magunia ya ndimu kavu ghalani Matrah, bandari ya jirani, na aliyemwuliza kazi yake alimjibu, "Magunia nimeazimwa tu."

Jina lake silisemi. Waarabu wa mtaani walimwita Bu Kahraba, baba wa umeme, na wakimaliza kumwita walitazamana. Sisi tuliotoka Unguja tulimwita Fundi. Mimi nilimwita Ami Fundi, kwa kuwa nyumba yake na yetu zilipakana ukuta, na mkewe, Bi Zuwena, alikuwa akija kwetu kila siku kushona kofia pamoja na mama yangu. Tulipofika, mwaka sitini na nne, nilikuwa na miaka kumi na sita na nimesoma mpaka darasa la saba, na masomo yakaishia hapo. Kichwa lakini hakikuishia. Nilikuwa naota nyumba ambayo ukibonyeza ukutani pangaboi linazunguka, ukibonyeza tena linasimama. Ndoto zangu zote zilikuwa za kubonyeza. Kwa hiyo msinione namcheka mtu wa mbali. Tulikuwa wagonjwa wa maradhi mamoja, ila yeye alijiita daktari.

Watu walipotoka Unguja walichukua walichoweza: dhahabu, msahafu, picha za arusi. Fundi alichukua masanduku mawili, na moja lilikuwa la waya. Bunda zima la waya mweusi wa umeme, na swichi, na globu tano zimeviringishwa ndani ya fulana zake. Cherehani ya Bi Zuwena ilibaki.

"Cherehani yangu ya mkono," alikuwa akisema Bi Zuwena, sindano mdomoni, "nlipewa na marehemu mama. Imeachwa Malindi juu ya meza kwa sababu bwana kasema sanduku limejaa. Limejaa nini? Waya! Watu wanaokoa roho zao, yeye kakumbatia globu kama mtoto mchanga."

"Na hata moja haikuvunjika!" Fundi alijibu kutoka uani kwao, kwani ukuta ulikuwa mfupi na masikio yake marefu.

Hilo ni kweli. Hata moja haikuvunjika.

Mwezi wa mwanzo tu alizitundika. Alipitisha waya nyumba nzima na kuzining'iniza kwenye boriti za dari: ukumbini, chumbani, jikoni, uani na mlangoni. Globu tano, hazina pa kupata moto. Wanawake waliokuja kutembea kutoka kijiji cha Hail na vikapu vyao vya tende walizitazama sana, na mmoja akauliza, kwa adabu zote, hayo ni mayai ya ndege gani. Mijusi walizizoea. Kila Ijumaa kabla ya sala Fundi alizifuta vumbi moja moja kwa kitambaa cha siki, na akishafuta hubonyeza swichi, ta, akatazama juu, akasema, "Zinangoja tu," kisha ta, akazima. Kuzima hakusahau hata siku moja.

"Usiiache wazi," alimwambia mkewe. "Utaunguza."

"Ntaunguza nini, bwana?"

"Weye zima."

Uoga wake wa umeme ulikuwa mkubwa kuliko umeme wote uliokuwapo Maskati. Akitaka kugusa waya wake, waya ambao haukuunganishwa na kitu chochote cha duniani, alivaa ndara za mpira, akasimama juu ya kibao cha kukunia nazi kwa kuwa ni cha mti, akaweka mkono wa kushoto mgongoni na kugusa kwa wa kulia. Mkono mmoja tu, alisema. Ukigusa kwa miwili, umeme unaingia huku unatokea kule, na njiani kuna moyo. Baadaye nimekuja kujua kwamba hayo ni kweli tupu. Lakini mashine ya karibu ilikuwa nyuma ya ghala la tajiri, na baina yetu na ghala la tajiri palikuwa na jabali.

Siku moja meno ya kibao yalinasa kanzu yake akaanguka chali uani. Salum muuza halua, jirani wa mkabala, mtu mnene na mwenye ulimi, akachungulia mlangoni kutazama kishindo cha nini.

"Nimerushwa," Fundi akasema, bado amelala.

"Umerushwa na umeme?"

"Kwani na nini?"

Salum akakitazama kibao, akaitazama kanzu iliyochanika. "Bu Kahraba, ndugu yangu. Umerushwa na nazi."

Lakini kufundisha alijua, na hapo nampa haki yake. Sijui aliyajulia wapi, maana kitabu alichokuwa nacho kilikuwa kimoja, cha Kiingereza, nusu kimeliwa na mchwa, na sidhani kama ile nusu nyengine aliimaliza. Ukivuma ule upepo mkavu unaotoka majabalini, unaokausha nguo kabla hujamaliza kuzianika, Fundi alikuja kwetu na kitana cha plastiki na vipande vya karatasi mkononi, na uso wa sherehe.

"Kila kitu," alisema, "kina chaji ndani yake, za namna mbili, sawa kwa sawa, ndiyo maana kimetulia. Ukikisugua unazihamisha za namna moja. Huku zimezidi, kule zimepungua. Hapo ndipo fitina inapoanza. Zilizo namna moja zinakimbiana. Zilizo mbali mbali zinavutana. Kama mie na Bi Zuwena."

"Sisi tunavutana?" Bi Zuwena akauliza.

"Mwaka wa ishirini huu."

"Mie nlidhani tuko namna moja."

Fundi akakipitisha kitana kwenye nywele za mkewe mara kumi, akakisogeza kwenye karatasi. Hakikunyanyuka kitu. Nywele za Bi Zuwena zilikuwa na mafuta ya nazi ya kutosha kukaangia samaki. Fundi akasema karatasi mbovu, akabadilisha karatasi. Akasema upepo umegeuka. Mwisho nikamwomba kitana, nikaingia chumbani, nikavua leso, nikajichana nywele zangu zilizooshwa asubuhi na kukauka mpaka zinalia, nikatoka mbio. Vipande vya karatasi viliruka vikaganda kwenye kitana kama sisimizi kwenye halua. Jamani! Kitu kisichoonekana kilikuwa kinafanya kazi mbele ya macho yangu. Siku ile sikushona hata nusu ya kofia.

"Mumeona?" akasema Fundi, kifua mbele, kama nywele zilikuwa zake.

Somo lake kubwa lilikuwa la kahawa. Alasiri wanaume walikaa barazani kwake, migongo ukutani, wamezunguka, na kahawa ilipita kama inavyopita kwetu: dele moja, kikombe kimoja, mmiminaji anaanza kwa wa kulia, huyo akinywa kikombe kinarudi kinakwenda kwa wa pili, mpaka duara liishe. Mimi na Bi Zuwena tulikuwa nyuma ya dirisha, tunasikia kila neno.

"Mzunguko wa umeme ni huu huu," Fundi aliwaambia. "Dele ndiyo mashine. Anayemimina anatoka kwenye dele, anapita kwa wa kwanza, wa pili, wa tatu, na lazima arudi kwenye dele. Asiporudi hakuna kahawa. Na umeme vivyo hivyo, usipokuwa na njia ya kurudi ulikotoka, hauondoki kabisa. Sasa mkifunga mlango katikati ya njia, mmiminaji kasimama, wote mumekosa. Huo mlango ndiyo swichi."

"Na mie nani?" Salum akauliza.

"Weye, na hiyo miguu uliyoinyoosha katikati ya njia, ndiye kizuizi. Kila anayepita kwako anapata taabu, na penye taabu ndipo panapotoka joto. Ule uzi ndani ya globu ni Salum. Umeme unajisukuma kuupita, uzi unapata moto mpaka unawaka."

"Kwa hiyo mie nang'ara."

"Uzi wenyewe mwembamba. Ungekonda ungeng'ara."

Barazani walicheka mpaka kahawa ikamwagika, na mimi nyuma ya dirisha nikaelewa yote kwa mara moja: mbona waya lazima uende na urudi, mbona swichi ikikata hapa taa inazimika kule. Darasa saba za skuli hazikunifungua kichwa kama lile dele. Ila kulikuwa na jambo lililonikereketa. Siku wageni wakiwa wengi, wa mwisho katika duara alipata kahawa ya uvuguvugu, na machicha. Nami nilijua Fundi amezifunga globu zake vile vile: waya unaingia ya ukumbini, unatokea upande wa pili, unaingia ya chumbani, unatokea, unaingia ya jikoni, mpaka ya mlangoni, kama tasbihi.

"Kikombe kimoja kwa wote," alisema nilipomwuliza. "Ndiyo adabu."

Juu ya adabu alikuwa hagombeki. Wala juu ya jambo jengine lolote. Ukimpinga alikuhurumia. Ukimletea hoja alikwambia, "Nlipokuwa stesheni ya umeme Unguja," na hoja yako ikafa hapo hapo, kwa kuwa sisi wengine hatukuwahi kuwa stesheni ya umeme. Mpaka siku aliyomkatalia Bi Zuwena kupigilia msumari wa kutundikia chungio, ati utaukaribia waya.

"Stesheni, stesheni!" Bi Zuwena alipasuka, amesimama kwetu uani, na mtaa mzima ulisikia. "Kazi yake ilikuwa kupanda ngazi na kubadilisha globu za barabarani. Ikiungua anaitoa, anatia nyengine, anashuka. Basi! Hiyo ndiyo stesheni!"

Mama yangu aliinamia kofia yake tusitazamane usoni. Kisha sauti ya Fundi ikaja kutoka upande wa pili wa ukuta, ndogo, bila ile stesheni ndani yake.

"Zikiwaka lakini."

Hakuna aliyecheka. Bi Zuwena mwenyewe alikaa kitako, akachukua sindano, na mara tatu akaukosa uzi.

Nilikuwa nishatimia miaka ishirini nilipofanya majaribio yangu. Nilinunuliwa sokoni mawe mawili ya kurunzi, betri yaani, na globu tatu ndogo, na vipande vya waya niliviokota kwenye masalia ya Fundi mwenyewe, yale ambayo Bi Zuwena aliyageuza kamba ya kuanikia nguo. Nikazipanga kwanza kama alivyopanga yeye, moja inaingia kwenye nyengine. Ziliwaka kama macho ya mtu mwenye homa. Nikatoa moja, zote zikafa. Nikakaa nikafikiri. Nikatandaza nyaya mbili, moja kutoka kichwa cha mawe na moja kutoka kitako, na kila globu nikaipa miguu yake miwili, mmoja kwenye waya huu na mmoja kwenye ule. Zikawaka zote tatu, nyeupe. Nikatoa moja, mbili zikabaki zinawaka kama haikutokea kitu.

Nikamwita Fundi. Alikuja na ndara zake za mpira, akainama, akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Kila mmoja umempa kikombe chake," alisema.

"Ndiyo, ami. Na zinawaka zaidi."

"Na kahawa je? Itakwisha upesi."

Alikuwa na haki! Kabla ya alasiri mawe yalikuwa yamekufa, na mimi sikuwa na mengine. Lakini saa ile ile yeye alikuwa ameshanyooka, amesharudi kuwa Fundi.

"Hayo ni mawe ya kurunzi, Bi Mdogo. Umeme wa mashine una adabu yake."

Basi likapita. Kisha mambo ya nchi yakabadilika, mwaka sabini huo, kwa ghafla ambayo mpaka leo tunaisimulia, na katika mengi tuliyoyasikia likaja hili: umeme unaletwa mitaani. Nguzo zikasimama. Mafundi wanatafutwa. Na mkaguzi, bwana mmoja wa Kihindi mwenye miwani na daftari, atapita kwa kila anayejiita fundi kutazama kazi ya mkono wake. Fundi aliandikisha nyumba yake mwenyewe. Nani mwengine Maskati alikuwa na nyumba iliyofungwa waya miaka sita kabla ya umeme?

Alinyoa. Alizifuta globu katikati ya wiki, jambo lisilowahi kutokea. Alimwambia kila mtu barazani, na Salum akamwahidi sinia la halua siku ya karatasi. Mimi sikulala kwa raha. Nilijua zitawaka namna gani: wekundu, kama makaa yanayomalizika, tena mkaguzi atakuja asubuhi, jua limejaa nyumba nzima, hata huo wekundu hautoonekana. Bwana yule atatazama juu, ataandika neno moja daftarini, na Fundi atarudi kushona magunia mpaka afe. Na safari hii hatosema ameazimwa.

Nikamwendea Bi Zuwena, nikamweleza kwa vikombe, kwa sababu ndivyo nilivyojua kueleza.

"Mwambie," akasema.

"Nlishamwambia."

Akatazama juu, kwenye globu ya ukumbini. Nilidhani atasema la cherehani. Akasema, "Anakwenda ghalani saa moja. Anarudi adhuhuri."

Asubuhi ya pili tulianua nguo zote, tukaikata ile kamba, yaani ule waya. Tulikuwa na kisu cha jikoni na koleo la Fundi. Bi Zuwena alipanda juu ya meza, mimi juu ya pipa. Tulipitisha waya wa pili juu ya boriti, pasipoonekana, na kila globu tukaikata kwenye tasbihi yake na kuipa miguu miwili. Vumbi la miaka sita lilituingia machoni. Bi Zuwena alikuwa akiimba kwa pua.

"Akijua?" nikamwuliza.

"Hatazami juu ya boriti. Yeye hufuta globu tu. Nipe huo mwengine."

Siku ya mkaguzi tulikaa jikoni, mlango wazi kidogo. Umeme ulishaletwa mpaka mlangoni kwake. Fundi, ndara miguuni, mkono mgongoni, akabonyeza. Nyumba ikawaka. Iliwaka mchana kweupe, globu tano, mpaka mjusi mmoja akaanguka kutoka darini. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Fundi hakuwa na neno. Mkaguzi akaitoa globu ya ukumbini kwa kitambaa, nne zikabaki zinawaka. Akatingisha kichwa kwa kuridhika, akaandika. Alikuwa na nyumba nyingi za kutazama, juu ya boriti naye hakutazama.

Karatasi ilikuja na muhuri. Sinia la halua lilikuja. Na Fundi, akizunguka nalo barazani, aliwaeleza watu, "Umeme wa Maskati una nguvu ya ajabu. Hata ukimtoa mmoja katika duara, wengine wanaendelea! Unguja haikuwa hivi." Mimi na Bi Zuwena tulizibana vinywa kwa leso. Tulikuwa tumefurahi mno. Tulikuwa wajinga mno.

Maana tulichokifanya kilikuwa hiki: tulimpa mtu shahada ya kazi yetu, tukamwachia mji. Fundi aliajiriwa akapewa nyumba za kufunga, na alizifunga kwa bidii zote alizokuwa nazo, kama tasbihi. Nyumba ya kwanza, wenyewe wakasema labda umeme bado mgeni. Ya pili wakaanza kunong'ona. Ya tatu ilikuwa ya mtu wa maneno, na alitangaza sokoni kwamba kwake wanawasha fanusi ili wajue kama globu imewaka.

Alasiri moja Fundi akaja mlangoni kwetu. Alikuwa na shati la kazi, na mfukoni karatasi yake imekunjwa mara nne. Mama alimpa kiti. Hakukaa.

"Nyumba tatu," alisema. "Nimezifunga kwa mkono wangu kama yangu, waya kwa waya, na zinatoa wekundu tu. Mkaguzi kanipa mpaka Jumamosi. Zikiwa bado hivyo, karatasi anaichukua." Akameza mate. "Nimetoa globu za kwangu nikazitia kule, zimefifia. Nimeleta za kule kwangu, zimewaka. Sina la kufanya tena. Nyumba yangu ina nini, Bi Mdogo?"

Nilikuwa na uongo tayari, tena mzuri, juu ya urefu wa nguzo. Ningeweza kumpa akaondoka nao. Lakini Jumamosi ingefika, na uongo haungewasha kitu. Nikamwambia.

Akakaa. Hakukikalia kiti, alikaa chini kwenye mkeka.

"Lini?"

"Wiki ile kabla ya mkaguzi. Ulikuwa ghalani."

"Na nani?"

"Na Bi Zuwena."

"Zuwena kashika waya?"

"Kwa mikono miwili, ami."

Masikio yake yalikuwa mekundu. Nilitamani anigombeze, nilitamani aniite mtoto mchafu asiye na adabu.

"Kwa hiyo karatasi si yangu," akasema. "Ungenambia."

"Nlikwambia. Ulisema umeme wa mashine una adabu yake."

"Ungenambia tena!"

Tulimhurumia tukaogopa kumfundisha. Hiyo nayo ni dharau, hata ukiifanya kwa mapenzi.

Akatoa daftari la kazini na kipande cha penseli, akavisukuma kwangu. "Chora."

Nikachora njia kuu mbili, moja ya kwendea na moja ya kurudia, hazigusani popote, na baina yake vichochoro vitano, kila kimoja na globu yake. Akaligeuza daftari juu chini, akaligeuza tena. Nikaeleza upya. Akauliza kama huyu wa tatu hamwibii wa nne. Nikaeleza. Akasema "Ahaa!", akachukua penseli achore mwenyewe, na kilichotoka kilikuwa tasbihi. Mama alijikohoza jikoni. Nikaeleza mara ya nne, polepole, na safari hii mkono wake ukaenda wenyewe: njia, njia, kichochoro, kichochoro, kichochoro. Akaweka kidole gumba juu ya kimoja.

"Nikikifunga hiki?"

"Vyengine vinapitika."

"Na hiki?"

"Vinapitika."

Alivifunika vyote vitano, kimoja baada ya kimoja. Kisha akalikunja daftari na kuondoka bila kuaga.

Ijumaa baada ya sala hakurudi nyumbani kula. Jumamosi asubuhi mkaguzi alikwenda na daftari lake, na nyumba zote tatu zilikuwa zinawaka, milango wazi, watu wamesimama njiani wanazitazama. Karatasi ilibaki mfukoni mwa Fundi. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwetu na leso kichwani walipopita kurudi, Fundi mbele, Salum na wengine nyuma, na Salum alikuwa akimwandama kwa masuali.

"Bu Kahraba, sema kweli. Nani kakuonesha?"

"Sikufichi, wala mkaguzi sikumficha," Fundi akasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, akaninyooshea kidole. "Huyu binti. Kanichorea, nikaelewa mara ya pili."

Salum akanigeukia, macho yamejaa kicheko, anangoja.

"Kweli, binti? Mara ya pili?"

Fundi alikuwa anaitazama karatasi yake, kana kwamba hakusikia suali.

"Ya pili," nikasema.